Bembeleza na Chumba cha Eksirei

Kila asubuhi Bembeleza alipiga deki chumba cha eksirei hospitalini. Jina hilo alipewa kazini. Mtoto aliyevunjika mkono, hata alie vipi, akishikwa na yeye hutulia. Basi ikawa mazoea: mtoto akigoma, Bembeleza anaitwa amshike wakati picha inapigwa. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa kidogo.

Sasa alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa bado dogo, na kazini hakumwambia mtu. Mumewe, fundi seremala, ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Mke wangu, hiyo mashine haitamdhuru mtoto wetu?"

"Mbona mimi sijaungua hata siku moja?"

Alijibu hivyo, lakini swali lilimkaa moyoni. Kesho yake alimfuata mtaalamu wa eksirei, mama wa makamo.

"Mama, nina mimba."

"Hongera, mwanangu! Lakini ungeniambia mapema. Na sisi tulikosea kukuita kila mara."

"Nimemuumiza?" Machozi yalimlengalenga.

"Sidhani. Ulivaa aproni ya risasi, ile nzito ya madini inayozuia mionzi ya mashine, na iliyokufikia ni kidogo sana. Kiasi hicho hakiunguzi. Ila mionzi ikipita mwilini inaweza kuharibu chembe hai, zile ndogo ndogo zinazoujenga mwili. Nyingi zilizoharibika mwili huzirekebisha wenyewe. Mara chache sana moja hurekebishwa vibaya, na miaka mingi baadaye inaweza kuleta saratani. Mtoto wa tumboni ndiyo kwanza anajengwa, kwa hiyo tunamlinda zaidi. Mgonjwa anafaidika na picha. Wewe unafaidika na nini?"

"Basi hata deki nisipige?"

"Piga tu! Mashine ikishapiga picha, mionzi haibaki sakafuni wala kwenye nguo."

Siku hiyo hiyo utaratibu ulibadilika. Mtoto akigoma, atashikwa na mzazi wake asiye na mimba, mzazi huyo akiwa amevaa aproni.

Mchana aliletwa mtoto anayepiga mayowe. Baba yake alitumbua macho. "Nimshike mimi? Huyu hanisikii kabisa!"

"Mwimbie," alisema Bembeleza. Akatoka, akafunga mlango.

Kilio kile kilimkata maini. Mkono wake ulishafika kwenye kitasa. Akaurudisha, akauweka tumboni. Ndani, baba alianza kuimba kwa sauti mbaya ajabu. Mtoto akanyamaza. Picha ikatoka safi mara ya kwanza.

Bembeleza alicheka huku akifuta machozi.

"Umesikia?" alimwambia aliye tumboni. "Yule ana wa kumshika. Wewe una mimi."