Jiwe la Mguu wa Joyline

Jumatatu asubuhi, katika maabara moja ya utafiti mjini Kisii, Daktari Edinah alifungua kabati la joto akakuta kazi ya wiki tatu imekufa. Seli shina alizozichota kwenye uboho wa mtoto Joyline zilipaswa kugeuka mfupa juu ya kipande cha kauri, kipande kizibe pengo la mfupa wa muundi wake. Hakuna hata moja iliyogeuka. Alimpigia simu Inspekta Abner wa Nyamira, baba yake Joyline.

"Seli hizi hupapasa," Edinah alimweleza. "Zikikuta mikwaruzo na vitundu, hushika, zikaanza kujenga mfupa. Zikikuta utelezi, basi. Kauri hii ilifika kutoka kiwandani ikikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Sasa inang'aa. Kuna mtu ameiharibu."

"Si uchote zingine?"

"Mguu hauwezi kungoja, Inspekta. Usaha umeshapanda. Utakatwa."

Abner aliumia, na maumivu yakataka mtu wa kufungwa pingu. Alifika maabara akambana Omwenga, mlinzi, mpaka jasho likamtoka. Kumbe hakuwa hata na ufunguo wa kabati. Akamgeukia Drusilla, fundi wa maabara.

"Wewe ndiye uliyeishika mwisho."

"Niliisafisha tu kwa mvuke, afande. Ilikuja hivyo hivyo, iking'aa. Nikadhani ndivyo ilivyo."

"Ilikuja kutoka wapi?"

Drusilla aliinamisha uso. "Kijiji cha Tabaka. Kwa yule mzee aliyeichonga ifuate umbo la pengo. Si ni wewe ulimleta?"

Ndiye. Mzee Manasseh, mchonga mawe, alikuwa baba mkwe wake, na mkwe hahojiwi. Ndiyo maana tangu asubuhi Abner alikuwa akiwahangaisha wasio na hatia. Alipoitazama kauri kwa hadubini, aliona chembe nyeusi imenasa kwenye kitundu: msasa wa maji, ule wanaong'arishia mawe kule Tabaka.

Jioni alikaa karibu na mlango wa mkwewe, macho chini, maneno yake akiyapitisha kwa mkewe, Bathsheba, ingawa mzee alikuwa pale pale akisikia.

"Mwulize baba kama aliipiga msasa."

"Niliipiga sana!" Manasseh akajibu kwa furaha. "Walisema nichonge tu, nisiguse uso wake. Lakini ilikuwa inakwaruza! Nimpe mjukuu wangu kitu hakijamalizika, kimkwangue huko ndani? Hata kinyago cha kiboko cha kuuzia watalii sikitoi hivyo."

Bathsheba alianza kumlilia baba yake. "Tata, zile seli zilitaka huko kukwaruza. Sasa mguu utakatwa."

Mzee aliitazama mikono yake.

"Basi mwambie mume wako anifunge."

"Mwambie baba hakuna kosa la kumshtaki."

"Mwambie alitafute."

Abner alilitafuta, palepale alipokaa. Angefurahi sana kulipata.