Kiwanja cha Maranda

Kila asubuhi, kabla ya salamu, watu wa chumba kile walianza kwa kutambua miguu. Huu wa nani, ulio shavuni kwangu? Baba, mama, bibi, Kiredio na mdogo wake walilala katika chumba kimoja cha kupanga. Kiredio, msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, alitunukiwa eneo tukufu chini ya meza.

"Siku moja nitalala nigeuke," alisema akikunja mkeka.

"Utageuka mpaka upotee, mke mwenzangu," bibi akamjibu.

Chumba cha kugeukia kilikuwa tayari, ila tu hakikuwepo. Baba, fundi seremala, alikuwa amepata kiwanja bondeni, mahali ambapo vyura walihamia kabla ya watu. Kila alipotoka shule, Kiredio alipitia pale, akasimama kwenye kona aliyoahidiwa, akaitazama hewa kwa mapenzi.

Bonde lilitaka kujazwa. Kifusi kilikuwa mbali, lakini maranda, yale mabaki ya mbao iliyopigwa randa, yalijaa tele karakanani kwa baba. Akayasomba kwa mkokoteni, akayamwaga, akayafunika kwa udongo kidogo. Kiwanja kikavimba kama shavu lenye jino bovu.

"Bonde limekuwa mlima!" baba akatamba. "Kesho mwashi anaanza msingi."

Alasiri hiyo ikanyesha mvua ya rasharasha. Kiredio alikwenda kuitazama kona yake. Akakanyaga, na mguu ukazama mpaka gotini. Aliuchomoa, akaopoa kiatu, kisha akalifukia shimo upesi, akalisawazisha na kulipigapiga. Nani angejua? Mwashi angekuja, kuta zingepanda, naye angepata chumba.

Alifika nyumbani kimya. Kimya! Bibi akamgusa paji la uso kutafuta homa.

Baba alikuwa akipanga vyumba kwa kidole hewani. "Bibi atalala na Kiredio. Kitanda chake tutakiweka ukutani, kwenye kona."

Kiredio akamtazama bibi, akauona ukuta ule ukiinama juu yake.

"Baba, kiwanja kimenimeza mguu. Kwenye kona hiyohiyo. Na mimi nikafukia shimo."

Baba akacheka, kisha akaacha kucheka.

Asubuhi, mbele ya mwashi, alichomeka ufito ardhini. Ukashuka wote kama sindano kwenye pamba.

"Ndugu yangu," mwashi akasema, "hapa umetengeneza godoro. Maranda yanabonyea, halafu yanaoza. Kuta zitalala kabla yenu."

Wakaanza upya. Familia nzima ilichota maranda ikayatoa. "Mume wangu huyu!" mama alisema, jasho likimtiririka. "Hata ardhi alitaka aipige randa!" Wakaleta mawe na kifusi, wakashindilia tabaka baada ya tabaka, wakachimba mtaro, na msingi wakaupandisha juu zaidi. Kazi ilikula muda wote wa kiangazi. Mvua kubwa ikawakuta bado kwenye chumba cha kupanga, na Kiredio akaisikiliza ikipiga bati huku akiwaza kona yake.

Mvua ilipokatika, walikwenda wote kutazama. Maji ya bonde yalikuwa yakipita mtaroni kwa kelele, na msingi umesimama imara juu yake, bila ukuta hata mmoja.

"Nilikuwa na haraka ya kukupa chumba, mwanangu," baba alisema. "Lakini kasoro ukiifukia, haifi. Inasubiri mpaka watu wakae juu yake. Wewe ulitamani nyumba hii kuliko sisi sote, na bado ukasema kweli. Ndiyo maana itasimama."

Kiredio alipanda msingi, akapita pale ambapo mlango ungekuwa, akasimama katikati ya chumba chake kisicho na dari.

Nyuma yake bibi alikuwa amesimama nje ya ukuta usiokuwepo, kwa adabu zote.

"Hodi," bibi akaita.

Hakuna mtu aliyewahi kumpigia Kiredio hodi. Akageuka.

"Karibu, bibi," akasema. "Karibu ndani."