Kilichometa Mbele ya Dungu la Babu Evert

Kitu cha kwanza alichokiona Tuva jioni ile kilikuwa kidogo kuliko ukucha: nukta moja ya mwanga, mbali kabisa, kule ambako uwazi uliokatwa msituni ulikuwa unaishia. Ilimeta, ikazimika, ikameta tena. Alitaka kumgusa Babu Evert begani amwonyeshe, lakini walikuwa katika mazoezi ya kukaa kimya, na kwa kukaa kimya Tuva hakuwa na mpinzani kijiji kizima.

Tangu shule zifunguliwe, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Tuva akirudi shuleni alikula mkate mwembamba uliopakwa siagi, akavaa buti, kisha akamfuata babu yake msituni. Huko walipanda dungu, kichanja cha mbao chenye ngazi fupi na benchi la watu wawili. Babu alikuwa akiwinda elki, wale kulungu wakubwa wa kaskazini, kutoka kwenye benchi hilo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Msimu huu, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Tuva angeketi kando yake kwa mara ya kwanza. Hangegusa bunduki. Yeye alitakiwa kuleta macho na masikio.

"Elki ana miguu mirefu kama ngazi, na mwili wake unampita farasi," Babu alizoea kusema. "Lakini akipita hapa utasikia kijiti kimoja tu kikivunjika. Kama wakati huo unatafuna, umeshamkosa."

Kwa hiyo Tuva alijifunza kumumunya mkate badala ya kuutafuna. Alijifunza kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti ili visife ganzi. Aliacha sabuni ya maua, akaanza kuogea sabuni ya lami ya msonobari, mpaka jirani yake darasani akamuuliza kama nyumba yao imeungua.

Jambo moja tu lilimshinda. Shangazi Marit, kiongozi wa wawindaji, alikuwa na sheria asiyoilegeza: kila anayeketi kwenye dungu lazima asikike kwenye redio ya mkononi. Asubuhi ya kwanza ya kila msimu aliita madungu moja baada ya jingine, na kila mtu alijibu kwamba yupo, kisha akawatakia wenzake "uwindaji mbovu." Kutakiana heri kulikuwa kuita mkosi, hata mtoto mdogo alilijua hilo. Lakini Tuva hata darasani alijibu maswali akiliangalia dawati. Siku walipojaribu redio, alibonyeza kitufe, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

"Jamani, dungu la tano limekaliwa na upepo!" Mjomba Torkel alisema redioni, na wote wakacheka.

"Tuva," Marit akasema kwa upole, "nikikuita nataka sauti. Pumzi haitoshi."

Ijumaa, mama alimtuma Tuva kwa Bibi Solveig, ajuza aliyekuwa akiishi peke yake chini ya mteremko, ampelekee ndoo ya matunda mekundu ya msituni. Bibi hakuwa jikoni. Sauti yake ilitoka nyuma ya ghala.

"Huku, mwanangu! Njoo uione Uhispania yangu!"

Nyuma ya ghala palikuwa na banda jipya la vioo. Bibi Solveig alikuwa amelijenga kiangazi hicho kwa madirisha ya zamani ya shule, hakuna dirisha lililolingana na jingine. Ndani kulikuwa na joto kama la Uhispania yenyewe, harufu ya udongo, na nyanya zilizoiva zikining'inia kila upande.

"Kila asubuhi kabla ya kahawa niko humu," bibi alisema, akimtia nyanya mkononi. "Nazungumza nazo. Nyanya ni sikivu. Matango hayo usiyajali, yana kiburi."

Tuva alicheka. Kisha akainua macho, akatazama kupitia kioo, kicheko kikamkauka. Juu ya mteremko, dogo kama kiberiti, lilionekana dungu. Kitambaa chekundu alichokifunga Babu ili kimwonyeshe upepo unakoelekea kilikuwa kikipepea juu yake.

Hapo akaelewa kilichometa. Zamani uwazi ulioko mbele ya dungu uliishia kwenye kilima kidogo, na kilima hicho kingemeza risasi yoyote. Lakini Jumamosi iliyopita Mjomba Torkel na mwanawe Joar walikuwa wameupanua, wakakata miti hadi kando ya kilima. Torkel alijisifia kazi hiyo wiki nzima. "Sasa Evert ataona mpaka kesho kutwa!" alisema. Kumbe alikuwa amefungua njia moja kwa moja mpaka kwenye nyanya za Bibi Solveig.

Njiani kurudi nyumbani, Tuva alipanga maneno. Kisha akayapangua. Akisema, dungu la tano litafungwa. Babu atapoteza benchi lake, na yeye atapoteza uwindaji wake wa kwanza kabla haujaanza. Na je, kama amekosea? Watu wazima waliukata uwazi huo. Yeye ni nani wa kuwasahihisha? Huenda Babu hatapiga upande ule. Huenda bibi Jumatatu atachelewa kuamka. Alijipa huenda nyingi, lakini hakuna hata moja iliyomshibisha.

Jumamosi jioni waliketi tena kwenye dungu. Jua lilipoinama, kioo kikamkonyeza Tuva kutoka kule chini. Babu alikuwa akitazama upande wa pili, kwenye kinamasi, ambako elki hutokea.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "nimeingoja misimu mingi, lakini huu nimeungoja kama mtoto."

Tuva akameza mate, na maneno yakashuka pamoja nayo.

Jumapili mchana wawindaji wote walikusanyika kwa Shangazi Marit. Meza ilijaa maandazi ya mdalasini, na vipande vya jibini vilielea ndani ya vikombe vya kahawa, kama ilivyokuwa desturi ya huko. Mbwa wa kijivu, Tass, alilala chini ya meza akisubiri ajali ya andazi. Marit alisimama mbele ya ramani ukutani.

"Dungu la kwanza, tatizo?"

"Tatizo ni mke wangu, anataka kuja," mtu akajibu.

"La pili? La tatu? La nne? Vizuri. La tano?"

"Halina tatizo," Babu Evert akasema. "Torkel amelipamba kama bibi harusi."

Marit akanyanyua kidole kuelekea la sita. Tuva aliona kidole kile kikitembea kwenye ramani, na badala ya ramani akaona mkono wa Bibi Solveig ukimnyooshea nyanya.

"Lina tatizo," alisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Joar. "Kuna mbu humu ndani," Joar akasema, akicheka.

Masikio ya Tuva yakawaka moto. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, na Tass akaruka akidhani uwindaji umeanza.

"Dungu la tano lina tatizo!" Safari hii sauti ilitoka yote, ikamshtua hata yeye mwenyewe. "Bibi Solveig ana banda la vioo nyuma ya ghala. Liko mwisho wa uwazi. Bibi huwa humo kila asubuhi."

Torkel akaweka kikombe chini. "Haiwezekani, bibie. Pale mwisho ni kilima."

"Kando ya kilima, mjomba. Pale ulipoikata miti ya magome meupe."

Marit hakubishana. Alichukua koti. "Twendeni tukaone. Joar, wewe una miguu mirefu na maneno mengi. Kimbia kwa Bibi Solveig, uingie kwenye hilo banda na kofia yako ya rangi ya chungwa."

Walipanda dungu kwa zamu. Jua la alasiri lilikuwa likipiga mteremko. Kwanza kioo kikameta. Kisha, katikati ya mmeto ule, ikatokea nukta ya rangi ya chungwa ikipungapunga. Kando yake nukta nyingine, ya kichwa cheupe, ikapunga pia. Bibi Solveig hakutaka kupitwa.

Torkel alishuka ngazi polepole. Alikuwa mwekundu kuliko nyanya. "Nilitaka kumfurahisha mzee," alisema. "Sikwenda kutazama nyuma ya kilima. Ningekwenda..." Hakumaliza. Akamgeukia Tuva, akavua kofia. "Yule niliyemwita upepo, leo amenifunika."

Dungu la tano likafungwa pale pale. Marit aliondoa ngazi kwa mikono yake. Tuva alimtazama Babu, akatamani ardhi immeze.

"Nisamehe, Babu. Nililijua tangu Ijumaa. Niliogopa kukunyang'anya benchi lako."

Babu alikaa juu ya kisiki. "Miaka yote nimetazama anakotokea elki," alisema. "Sikukumbuka kutazama inakokwenda risasi. Benchi ni mbao, mwanangu. Mbao zimejaa msituni."

Joar aliporejea mbio, Shangazi Marit akamshika Tuva bega. "Kukaa kimya ni nusu ya uwindaji, na hiyo nusu unaijua kuliko sisi sote. Lakini kuna kimya kinachomsubiri mnyama na kuna kimya kinachomwacha mtu kwenye hatari. Siku zile mbili ulikuwa na hicho cha pili. Ukiona jambo la kumdhuru mwenzako, sema siku hiyo hiyo, hata kwa sauti ya mbu. Sisi wakubwa kazi yetu ni kuinamisha masikio. Umesikia, Joar?"

"Nimesikia, shangazi," Joar akajibu, akihema, nyanya moja mdomoni na kikapu kizima mkononi. "Bibi Solveig anasema hizi ni za Tuva. Mimi nimeonja tu."

Babu na Tuva wakapewa dungu la tisa kwenye ukingo wa kinamasi kingine, ambako mbu walikuwa wengi na elki hawajawahi kupita tangu barabara ijengwe. Torkel alifanya kazi mpaka jua lilipozama akitengeneza benchi jipya, na kabla ya kukata tawi lolote alikwenda kwanza kutazama nyuma yake.

Jumatatu kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umelala juu ya kinamasi kama maziwa. Tuva alichezesha vidole ndani ya buti. Mfukoni alikuwa na nyanya mbili. Redio ikakoroma.

"Dungu la nane?"

"Yupo Torkel. Uwindaji mbovu."

"Dungu la tisa?"

Babu alikuwa ameishika redio. Hakuisogeza mdomoni mwake. Alimpa Tuva, kisha akageuka kutazama ukungu, kana kwamba jambo lile halimhusu.

Tuva akabonyeza kitufe.

"Dungu la tisa. Yupo Babu Evert, na mimi Tuva nipo." Akavuta pumzi. "Uwindaji mbovu, nyote! Mbovu kabisa!"