Mtalaka wa Kabatini

Chupa ilikuwa imepungua. Si sana, vidole viwili hivi, lakini Getrude aliijua chupa ile vizuri, akaona. Yalikuwa mafuta ya mwali, aliyopikiwa na kungwi wake kule Pangani alipoolewa: uto wa ufuta, karafuu, asumini, na mengine ambayo kungwi hakumtajia. Aliyobakiza aliyafunga kwa nailoni, akaja nayo mpaka Uswidi ndani ya kiatu, na tangu waingie kwenye fleti yao ya Hjulsta yalikaa nyuma ya kabati la bafuni bila kuguswa na mtu. Kungwi alimwonya. "Haya si mafuta ya kujipaka ukitoka kuoga. Mimi nakupaka, na mumeo atamalizia kwa mkono wake. Hapo ndipo ndoa inaposhika."

Je, alimuuliza mumewe? Wapi. Mwanamke mwenye wivu haulizi, ananusa. Jioni ile Severin alipopita jikoni kuchukua chai, Getrude akajifanya anapokea kikombe, akausogelea mkono wake. Karafuu na asumini. Akaendelea kukatakata vitunguu, na machozi yakapata kisingizio.

Huyo Severin alikuwa Mhaya wa Bukoba, fundi wa mitambo ya simu kwenye ofisi moja ya Kista. Alikuja kama mwanafunzi miaka ya sabini, akabaki. Mtu mpole, hanywi kupita kiasi, misa haimpiti. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kulenga shabaha. Aliupata JKT, ambako afande aliwaambia kuruta kila asubuhi kwamba bunduki ni mke wako, umtunze akutunze. Wengine walicheka wakasahau. Severin hakusahau. Stockholm akajiunga na klabu ya walenga shabaha ya wazee wa Kiswidi, akapata kibali cha polisi, na majira ya baridi ya mwaka themanini na tatu akaanza kujiundia bunduki yake mwenyewe kwa vipuri vya jeshi vilivyouzwa kama mitumba. Ilikuwa ile ya zamani inayojipakia risasi yenyewe. Mtutu ulitoka huku, springi kule, kila kipande na namba yake, hakuna vilivyozaliwa pamoja.

Kitako cha mti ndicho kilichomsumbua. Alikipata kwenye vitu vya marehemu fulani, mti mweusi usiofanana na wa jeshi, mkavu, wenye kiu. Alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu, akaanza kukipaka mafuta ya kitani. Kila alichopaka kilinywewa, asubuhi mti mkavu tena. Wazee wa klabu walimwambia asitumie kitambaa, atumie kiganja kitupu, joto la mkono ndilo linaloingiza mafuta. Krismasi ikaingia, maduka yakafungwa, mafuta ya kitani yakaisha na mti ungali na kiu. Ndipo alipofungua kabati la bafuni akaiona chupa. Mafuta ni mafuta, alifikiri yule Mhaya wa watu. Kwao hakuna kungwi wa Pangani.

Getrude hakuyajua hayo bado. Yeye alijua kwamba mumewe akitoka kazini anashuka chumba cha ufundi kule chini ya jengo, na akipanda ananukia harusi. Alijua pia kwamba kitandani amemgeuzia mgongo. "Nimechoka, mama," anasema, na Getrude anabaki anautazama mgongo. Kichwani mwake kulikuwa na mwanamke wa nywele za shaba, anafanya kazi Kista, na mafuta ya mwali ameyapewa yeye.

Jumapili moja alasiri, na huko Januari saa kumi alasiri giza limeshaingia, alimfuata. Taa za ngazi zilikuwa za kujizima zenyewe. Akashuka akipapasa ukuta. Mlango wa chumba cha ufundi ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na kabla hajachungulia alisikia sauti ya mumewe, ile ya chini, ile aliyodhani ni yake peke yake.

"Tulia. Nakufikia na huku."

Getrude akasukuma mlango. Hapakuwa na mwanamke. Severin ameketi kwenye stuli, kile kitako kimelala mapajani pake juu ya kanga nyekundu, na kiganja chake kinakwenda na kurudi polepole, kuanzia begani mpaka kiunoni, kana kwamba kitu kile kina bega na kiuno. Kanga ilikuwa kisutu chake Getrude. Kisutu cha harusi.

"Severin," alisema kwa sauti ndogo. "Hayo mafuta ni ya nani?"

Alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Yako. Nilitaka kukwambia. Nitakununulia mengine."

"Hayanunuliwi."

Nawaambia ukweli, hapo Getrude alishusha pumzi. Alikuwa amejitayarisha kwa mwanamke akakuta gogo, na gogo haligombani na mtu. Alichukua kisutu chake na chupa yake, akapanda navyo, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Kosa lake lilikuwa hapo, kudhani mambo yamekwisha.

Siku zilizofuata Severin aliunganisha bunduki yake, akaifungia kwenye kabati la chuma chumbani mwao kama polisi walivyotaka. Tangu ilipoingia humo, nyumba ikawa na mtu wa tatu. Getrude akirudi kazini anakuta mto wake sakafuni. Kitana chake kilivunjwa meno yote, moja moja. Akipika pilau, karafuu inazidi ile aliyotia. Na kutoka kabatini ilisikika sauti ya chuma kikigonga chuma, taratibu, ti, ti, ti, na Severin akasema ni baridi inayobana vyuma, lakini Getrude aliwahi kukaa ndani kama mwali, akaijua sauti ya bangili mkononi mwa mwanamke anayesubiri.

Kisha asubuhi moja mumewe alivua fulana ili akaoge, na Getrude, aliyekuwa anatandika kitanda, aliona mgongoni pake, katikati kabisa, mahali ambapo mtu hafikii kwa mkono wake mwenyewe, alama ya kiganja inayong'aa mafuta, kiganja chembamba chenye vidole virefu kupita kawaida, akausogeza mkono wake karibu apime, na vidole vyake mwenyewe vikaishia nusu ya vile, na ile alama, wakati angali anapima, ikajikunja kama inavyojikunja ngumi.

Alivaa koti, akaenda kubisha mlango wa Hajati Nakato.

Hajati Nakato alikuwa Mganda, mtu mzima, mlezi katika shule ya watoto pale pale Hjulsta. Alikulia Bombo kwa baba shehe, akakimbia nchi wakati wa vurugu, na Waafrika wa mitaa ile walijua kwamba akiombwa vizuri husoma dua. Alikuja na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani. Akasimama mbele ya lile kabati la chuma, hakulifungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani alimpaka?"

"Mimi," alisema Severin. Alianza kucheka kidogo. "Hajati, haya ni mambo ya pwani. Mimi nimebatizwa."

"Wewe umebatizwa, yeye je?" Nakato aliketi. "Sikia, mwanangu. Majini hawa hukaa mitini. Mti wake ulikatwa, akabaki mjane ndani ya kipande. Wewe ukaja, ukampapasa kwa kiganja kitupu, ukampaka mafuta ya bibi harusi, ukamfunika kanga ya bibi harusi. Jioni baada ya jioni. Sasa anajua ameolewa. Anamwona huyu mkeo ndiye mwizi."

Getrude akasogea mbele. "Mke ni mimi," alisema.

"Ndiyo maana anakutafuta wewe," Nakato alimjibu taratibu.

"Tumfukuze."

"Mke hafukuzwi. Mke anaachwa. Ameolewa kwa desturi, ataachwa kwa desturi. Chuma hakimhusu, kipeleke polisi. Mti ubaki. Atapewa talaka moja, kwa adabu. Tatu kwa mpigo ni kumtukana, na huyu akitukanwa tutazika mtu. Halafu atakaa eda yake humu ndani, kama mtalaka yeyote, chini ya dari ya mumewe. Miezi mitatu. Katikati ya mwezi wa tano ataondoka mwenyewe, mtabaki na kuni." Akamgeukia Severin. "Usimguse. Ukimgusa, umemrejea." Kisha akamgeukia Getrude. "Na wewe usimtoe. Ndani ya eda hii ni nyumba yake. Ukimtoa kabla, umemdhulumu, na mdhulumiwa ana haki ya kurudi."

Severin akasema maneno. Mhaya wa misa ya kila Jumapili, anamwacha mke wa mti kwa talaka, mbele ya chetezo, Hjulsta. Angekuwa mwingine mngecheka. Yeye sauti ilimkatika katikati, akalia, na Getrude aliona machozi yale. Yalimkaa rohoni kuliko alama ya mgongoni.

Chuma kikaenda polisi. Kitako kikafungwa ndani ya shuka jeupe, kikasimamishwa kwenye kabati la nguo. Na kweli nyumba ikatulia. Mto ukakaa mahali pake. Severin akageuka upande wa mkewe, akamshika mkono, wakalala hivyo. Theluji ikayeyuka. Hajati Nakato akipita huuliza tu, "Yupo?" na Getrude hujibu, "Yupo."

Lakini wivu ni mdudu, halali ukimlaza. Getrude alitandika kitanda akijua kwamba yule yuko nyuma ya koti lake la baridi, anasikiliza. Alipocheka na mumewe alipunguza sauti. Kwake mwenyewe! Na jioni moja alimkuta Severin amesimama mbele ya kabati lililofungwa, mikono nyuma, hagusi kitu, amesimama tu.

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nilikuwa namwonea huruma."

Namwonea. Hakusema nakionea.

Siku ya mwisho ya Aprili Waswidi huwasha moto mkubwa uwanjani, huimba kuaga baridi, na kila mtu huleta matawi na mbao zake kuukuu. Uwanja wa upande wa Spånga ulijaa watu. Jua lilikuwa bado halijatua. Getrude alimwambia mumewe atangulie, akarudi nyumbani, akafungua kabati. Eda ilikuwa imebakiza wiki mbili tu. Alilibeba lile furushi jeupe kifuani kama mtoto, na njia nzima lilikuwa na joto, likizidi kuwa zito, na alipofika alipenya katikati ya watu, akalitupa.

"Si kwako hapa," alinong'ona.

Shuka lilishika kwanza. Kisha mti ukashika, haukulia kama kuni nyingine, ukaungua kimya kwa moto mdogo wa bluu, na moshi ukatoka mweupe, ukashuka badala ya kupanda, ukatambaa juu ya majani, na wote waliokuwa pale, wazee wenye kofia, watoto, waimbaji na karatasi zao, wakaacha kuimba wakainua pua, kwa sababu uwanja mzima ulinukia karafuu na asumini, na moshi ule ukawapita wote bila kuwagusa mpaka ukamfikia Severin aliyekuwa amesimama peke yake mikono mfukoni, ukampanda miguuni, ukaingia kotini, ukaingia nyweleni, ukamzunguka kama bwana harusi anavyofukizwa udi kabla ya kuingizwa ndani, na hapo ndipo Getrude, mtoto wa pwani, alipokumbuka kwamba moshi wa kunukia haumfukuzi jini, moshi wa kunukia ni mwaliko, na aliyewasha chetezo ni yeye.

Severin alifumba macho. Akavuta pumzi, ndefu.

Walirudi nyumbani. Getrude alimvua mumewe koti, akalitia kwenye maji, akamwambia aoge, akaoga. Alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka, kwa sababu sasa ilitoka kwake, kwenye jasho lake. Lakini alikuwa mpole, alikunywa chai, alimshukuru kwa chai. Getrude akajipa moyo. Akavaa gauni lake la kulalia, na kwa sababu hakutaka kushindwa, akaitoa ile chupa, akajipaka matone ya mwisho shingoni, akaingia kitandani upande wake.

Severin akaja akasimama ubavuni. Hakupanda. Alimtazama kwa macho ya huruma, yale yale aliyolitazamia kabati, na nyuma yake chumbani kulisikika bangili zikigongana, ti, ti, ti, zikikaribia bila haraka.

"Mama Getrude," alisema kwa sauti ya chini, ya adabu sana, "nenda kalale sebuleni. Leo si zamu yako."