Fundo Kwenye Birika la Mawe

Siku zisizo za shule, kazi ya Hazel Tranter ilikuwa kushika kamba ya nyuma. Familia yake iliishi ndani ya mashua ndefu na nyembamba, kwenye mifereji ya katikati ya Uingereza. Mahali mfereji unaposhuka kilima, mashua huteremshwa ndani ya birika la mawe. Huingia birika likiwa limejaa, milango ya nyuma hufungwa, kisha vilango vidogo vya mbele hufunguliwa ili maji yatoke na mashua ishuke nayo. Mwenye kamba husimama ukingoni. Huizungusha kwenye nguzo fupi ya chuma na kuilegeza kadiri maji yanavyopungua. Haifungi kamwe. Baba yake, Clive, alikuwa ameirudia kanuni hiyo mara nyingi mno, hata Hazel, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliacha kuisikia.

Asubuhi ile ilikuwa ya manyunyu na baridi. Bibi Doreen, mama yake Clive, ambaye nyonga yake ilimruhusu kutembea kwa shida, alinyoosha mkono kupitia dirisha la jikoni la mashua, iliyokuwa tayari birikani, na kumpa mkate wenye nyama ya nguruwe iliyokaangwa.

"Kula ungali moto, mjukuu wangu. Chai inakuja."

"Usimpe, Bibi," alisema Rufus, kaka yake Hazel, akielekea kwenye milango ya mbele alikokuwa baba yao. "Mikono yenyewe anayo miwili tu, na yote mivivu."

Mkate ulihitaji mikono miwili. Kamba nayo ilihitaji miwili. Hazel alifunga fundo kwenye nguzo, akageuka upande wa pili ili manyunyu yasimlowanishie chakula. Lilikuwa fundo imara. Sifa hiyo haikumsaidia mtu yeyote.

Maji yalianza kushuka. Mashua ilishuka nayo kidogo, kisha ubavu wake wa kushoto ukakataa kwenda. Hazel alisikia kamba ikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Alipogeuka, aliiona imekazwa kama chuma, na paa la nyumba yao limeinama upande.

Angeweza kupiga kelele. Lakini juma lililopita aliiachia kamba ikaangukia majini, na baba yake akamwambia kwamba akikosea tena, kazi hiyo atapewa Rufus. Hivyo aliuweka mkate juu ya ukuta mfupi wa ukingoni, akapiga magoti, akalishambulia fundo kwa kucha. Fundo lilikuwa limebeba uzito wa mashua nzima. Ukucha ulikatika. Fundo halikutikisika.

Ndani, sahani ziliteleza na kuvunjika.

"Hazel?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo. "Sakafu imekaaje hivi? Siwezi kufika mlangoni."

Hazel alichungulia ndani ya birika. Ubavu wa kulia ulikuwa umezama hadi karibu na madirisha. Maji yalikuwa yakiendelea kutoka birikani, bila haraka, na bila kujali nani yumo.

"Baba," alisema hatimaye, kisha kwa nguvu zaidi: "Baba, nimefunga kamba. Nimeifunga mimi, na haifunguki."

Rufus alifika kwanza, kisu mkononi.

"Weka hicho," Clive alisema. "Ukiikata, mashua inadondoka ghafla, na bibi yako yumo. Rudi ukafunge vilango vya mbele. Vyote. Hazel, tufungue vya nyuma, birika lijae tena."

Walizungusha kwa pamoja mikono ya chuma inayofungua vilango.  Maji mapya yaliingia yakinguruma, na kwa muda uliomtosha kuwaza kila jambo baya, hakuna kilichobadilika. Kisha ubavu wa kulia ukapanda kidogo, na tena kidogo, mpaka paa likalala sawa na kamba ikalegea ikining'inia.

"Haya," alisema baba yake. "Lifungue."

Fundo lilifunguka kwa vidole viwili.

Bibi Doreen alitolewa nje akiwa amelowa soksi, kifuniko cha buli mkononi. Buli lenyewe halikuwepo tena. Hazel alisimama mbele yake akilia.

"Nilidhani nitalifungua kabla hamjajua, Bibi."

"Najua. Na kadiri ulivyonyamaza, ndivyo maji yalivyozidi kutoka." Bibi alikaa juu ya ukuta taratibu, akiishika nyonga. "Kosa la kufunga ni la uvivu, na uvivu hurekebishwa. Kuficha ndiko kulikokaribia kunizamisha. Vidole vyako havikuwa na nguvu ya kulifungua fundo lile, wala vya baba yako. Lilifunguka tulipoliondolea uzito, na tuliliondolea uzito wewe uliposema. Ukikosea tena, na utakosea, sema kwanza. Kulia utalia baadaye."

Hazel aliivingirisha kamba, akampelekea Rufus. Rufus alimtazama baba yake.

"Mrudishie," alisema Clive. "Bado hatujashuka."

Hazel aliizungusha kamba kwenye nguzo, akaishika kwa mikono miwili. Maji yalipoanza kutoka aliilegeza kidogo kidogo, bila kuiondolea macho. Mkate ulibaki juu ya ukuta ukinyeshewa, na hakuna aliyeuulizia.