Chapa ya Sita

Wino wa picha ile ya chapa ulikauka tangu daktari wa meno hajaota ndevu. Lakini alipoishika ili aitie kwenye fremu, kidole chake kilitoka cheusi.

Alisonya, akanawa. Alikuwa ameitafuta miaka na mikaka. Msanii mmoja alichora picha sita za mistari na mabaka yasiyo na sura ya kitu chochote, akachapa nakala chache, akazitia namba na sahihi kwa penseli. Tano zilishapamba sebule ya daktari. Ilibaki hii tu.

Wiki haikwisha, zile tano zikaanza kupauka. Daktari akabadili mapazia, akagombana na fundi vioo, akalilaani jua lenyewe. Wapi! Kadiri rangi zilivyotoweka, ndivyo doa jeusi la ile ya sita lilivyonenepa, na harufu ya wino mbichi ikaingia hadi kwenye shuka.

"Mume wangu, kuna kitu kinakwaruza kioo kwa ndani," mkewe alinong'ona.

"Panya."

"Panya anayehema?"

Daktari naye alikuwa amesikia.

Mganga aliyeitwa na mke hakuvuka kizingiti. "Jini limemaliza rangi, sasa linataka mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ichomeni mchana huu. Litaita. Atakayeitika ndiye litakayemhamia."

"Ujana wangu wote umeishia kwenye karatasi hii," daktari alilalama. Mkewe akampa kiberiti.

Walisimama uani bega kwa bega. Karatasi ilijikunja, ikagoma, ikashika moto, na moshi wake mzito ukatambaa chini hadi miguuni mwao, na kutoka ndani ya nyumba tupu ikaja sauti ya mkewe, ileile ya kumwita mezani, tulivu, yenye kicheko kidogo, ikisema, "Baba watoto, njoo basi, mbona unanichosha," ikarudia, ikarudia tena kwa kilio, huku mkewe mwenyewe, kando yake, amembana mdomo kwa viganja viwili.

Ilipobaki majivu, sauti ilikatika katikati ya neno.

Sebuleni walikuta karatasi tano nyeupe, kila moja na sahihi yake. Daktari alizikunja, akazitupa.

Hadi leo, mkewe akimwita kutoka chumba kingine, haitiki. Huinuka, akaenda kumtazama kwanza.