Mke wa Kitabu cha Wageni

Stendi ya Katesh siku ya Ijumaa haina nafasi ya mtu mwenye huzuni. Wapiga debe wanagombea mizigo ya abiria, moshi wa mahindi ya kuchoma unawaingia watu machoni, na upepo wa mlima Hanang unamalizia kwa vumbi. Oliva alikuja kupokea robota la vitambaa kutoka Singida, arudi zake kwenye cherehani. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na sweta lililotoboka kiwiko, maana fundi nguo hana muda wa kujishonea. Basi likafungua mlango, na wa kwanza kushuka akawa yule ambaye Oliva alikuwa amemfungia namba kwenye simu yake wiki mbili nzima.

Onesphory, mwalimu wa shule ya msingi huko Bashay, alikuwa amekonda. Shati limekunjamana, begi begani, kichwani kofia kuukuu ya wafanyakazi wa reli aliyopewa na mzee mmoja mstaafu wa Dodoma. Mtu amekulia mahali pasipo hata hatua moja ya reli, halafu anazipenda treni kama wengine wanavyopenda pombe! Kila likizo anakwenda kuangalia stesheni za zamani, kupima mabenchi yake na kupiga picha injini za mvuke kwenye makumbusho. Miaka minne Oliva alimsubiri, likizo baada ya likizo, hadi akachoka.

"Oliva! Mama! Mbona simu yako haipatikani?"

"Kwa wengine inapatikana."

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi hapa. Mwenye jina hilo yuko Tabora."

Oliva akamsogezea simu usoni. Verediana, binamu yake anayesomea uuguzi Tabora, alikuwa ametembelea makumbusho madogo ya reli na wenzake, akapiga picha ukurasa wa kitabu cha wageni. Mwandiko ulikuwa wa Onesphory, zile herufi zake za ubaoni: Mwalimu Onesphory na mke wake, Bashay, Mbulu. Tarehe ilikuwa ya Desemba, wakati Oliva yuko Katesh anashona nguo za Krismasi hadi vidole vinavimba.

"Sasa nisikilize," alisema. "Baba ana barua ya posa. Ya Hermani, yule mwenye mashine ya kusaga pale Endasak. Jumapili baada ya misa anataka jibu langu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Ni mzuri?"

"Nani?"

"Mke wako."

Onesphory alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Ni wewe, Oliva. Nenda Dodoma, nenda Korogwe, nenda Kigoma nilikotoka juzi. Kila kitabu nimekuandika hivyo hivyo. Mlinzi akiniuliza mke yuko wapi, namwambia anakuja, amechelewa kidogo."

Wivu wote wa wiki mbili ukamtoka Oliva kwa mara moja. Alidhani atafurahi. Badala yake alisikia hasira, tena hasira ya mtu aliyechoka, ambayo haina hata nguvu ya kupiga kelele.

"Kwa hiyo walinzi wa stesheni zote wanajua nimeolewa. Baba yangu tu ndiye hajui."

"Niliogopa. Baba yako alishasema mbele za watu kwamba hampi mzururaji binti yake. Kwenye kile kitabu hakuna wa kunikatalia."

"Nakupenda, One, na wewe unajua. Lakini nimechoka kuolewa mahali ambapo mimi mwenyewe sipo. Ukipanda gari la Mbulu sasa hivi bila kufanya lolote, Jumapili namkubali Hermani. Sikutishi. Nimechoka tu."

"Mwalimu, twende! Siti ya mbele hiyo!" konda wa gari la Mbulu aliita.

Onesphory hakugeuka. Alitoa simu, akampigia Sebastiani, kaka wa marehemu baba yake, aliyemlea. Akaweka spika ili Oliva asikie.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umefika?"

"Niko Katesh. Baba mkubwa, naomba mkaniposee binti wa mzee Nikolausi, Endasak. Kesho."

Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Kesho! Miaka minne unanionyesha picha za mabehewa, leo ndiyo unaniambia kesho? Haya, wazee wawili nitawapata. Na mzee akikataa?"

"Akikataa, akatae na mimi nikiwepo."

"Huyo binti yuko hapo? Mpe simu."

Oliva aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Unamtaka huyu mzururaji wetu?"

Msichana mwingine angeona aibu, akanyamaza ili wazee waelewe wenyewe. Oliva alikuwa amenyamaza vya kutosha.

"Namtaka, baba. Ila nimechoka."

"Basi nenda kapumzike. Iliyobaki ni kazi ya wazee."

Hapo ndipo alipolia, katikati ya stendi, watu wakimpita na mizigo yao. Gari la Mbulu liliondoka na siti ya mbele ikiwa wazi.